Nipe Mji

Usingizi unanikamata kibarazani saa saba mchana, mkeka umeshatandikwa, gunia la mchele liko wazi, nawasubiri wanawake wa mtaani waje tuuchambue maana kesho binti yangu Shemsa anaolewa, na kabla sijajua kwamba nimelala navuka kizingiti changu na kuingia barabara isiyo na mwisho, nyumba za kila upande ni hii hii yangu, kila kibaraza kina mkeka na hakuna aliyekaa. Mbele yangu anatembea mwanamke aliyejitanda kanga, nikienda upande huu nimwone uso naona kisogo, nikizunguka upande wa pili, kisogo. Namuuliza, dada, wa mtaa huu wako wapi? Anasema, kitendawili. Nami mjinga naitika, tega. Nyumba yangu inaungua, jirani haoni moshi. Nawaza, nawaza, kumbe jibu limo mwilini mwangu mwaka wa sita sasa, tangu daktari aliponiambia kinga ya mwili wangu inatafuna mishipa yangu ya fahamu, akautaja ugonjwa kwa jina refu, maltipo skilerosisi, nikarudi nyumbani nisiweze hata kuwatamkia wenzangu. Nashindwa. Nipe mji, anasema. Nampa mji wa vilima nilikokuwa nikipanda na ndoo kichwani, na papo hapo mguu wa kushoto unakufa, nauburuta. Anasema, nimefika mjini mwako, nimekula, nimelala, wenyeji wanasema wewe mlevi, wamekuona ukipepesuka sokoni asubuhi na mapema.

Barabara inajikunja na kuturudisha pale pale, naye anatega tena: nikija hawanioni, nisipokuja wananiona wote. Nataka kusema ni mimi, ni mimi niliyekwenda kwenye matanga ya mume wa Mama Hidaya, jirani yangu wa ukuta mmoja, nikakaa mekoni nikipika hadi joto likanimaliza, nikalala siku tatu sijiwezi, na hakuna anayekumbuka kwamba nilikwenda. Lakini matanga manne na harusi mbili nilizokosa baada ya hapo wanazo kichwani zote, huyo anaringa, mbona amenawiri, uvivu tu umemjaa. Ulimi mzito hautoki. Nampa mji wa shule niliyokuwa nikifundisha. Ubao unakuwa mbao mbili, kisha ukungu. Wenyeji hawakukumbuki, anasema, darasa lako analo mwingine, na mwandiko wake umenyooka. Namchukia mwanamke huyu. Mji uliobaki ni mmoja tu, ua wangu, na Shemsa amekaa katikati peke yake, hina mbichi mikononi. Asiyewazika wenzake, kwake huja nani? Hiki nakijua, hata mtoto anakijua. Nikijibu, nimejihukumu mwenyewe. Nisipojibu, nimemtoa mwanangu. Namwambia, mwanangu hajakosa harusi ya mtu, kosa ni langu, chukua miguu yote miwili. Anasema, miguu hainifai. Nipe mji.

Nafumbua macho, au nadhani nimeyafumbua, maana mbele yangu ni weupe mtupu, na jua likiwa kali macho yangu hunifanyia hivyo hata nisipoota. Najibana paja nijue kama nimeamka, lakini paja hili halisikii kitu siku hizi. Shemsa, naita, wamekuja? Wamejaa, mama, wewe pumzika. Mbona kimya? Wanachambua. Mama Hidaya naye kaja? Kaja, mama, huyu hapa. Basi mwambie anisalimie. Mtu anajikohoza. U hali gani, Mama Shemsa, inasema sauti nzito ya utu uzima, na mwenye sauti hiyo nilimzaa mimi. Namwomba Mungu niwe bado nimelala.

Salama tu, Mama Hidaya, naitika. Ahsante kwa kuja.