Mama Mkwe Hapendi Mtu Mnyamavu

Watu wengine hutumiana picha za watoto waliozaliwa juzi. Kwenye kikundi cha Pawa za Zamani, watu hutumiana picha za mbao. Ubao mmoja mpana uliopasuliwa Rongo unaweza kuzungumzwa kwenye simu siku tatu mfululizo: nani alikata, alikata na mashine gani, na kwa nini pale katikati umepinda kama mtu aliyelala vibaya. Pawa ni ule msumeno wa injini unaowashwa kwa kuvuta kamba, na sharti la kuingia kikundini ni moja tu: pawa yako iwe na umri mkubwa kuliko ndoa yako. Makapera walisamehewa, ila hawakuachwa wapumue.

Mara moja kwa mwaka wanachama huzifunga mashine zao kwenye magunia, wakasafiri kutoka Kehancha, Migori mjini, Homa Bay na hata visiwani, wakutane mahali penye kazi ya maana. Hukutana Jumapili, kwa kuwa mwenyekiti, Mzee Zablon wa Kendu Bay, ni Msabato, na Jumamosi hashiki hata bisibisi. Mwaka huu kazi ilikuwa Sori, kando ya ziwa. Mvua kubwa ya Aprili ilikuwa imeangusha mvule katika boma la mwalimu mstaafu, chifu akatoa barua ya ruhusa ya kuupasua, na Sammy, fundi wa mashua kutoka Mfangano, akavuka maji kuja kuomba kitu kimoja: mkuku. Huo ndio uti wa mgongo wa mashua, na Sammy aliutaka mzima, futi ishirini na mbili bila kiungo.

"Nikiunga, mashua itaelea tu," aliwaambia. "Lakini upepo ukivuma, wenye mashua watalala na mimi nitakesha."

Bhoke Gisiri aliyasikia hayo akiwa jikoni, maana ndiko walikomzoea. Miaka sita alikuwa akiwapikia, na ukimtaja kwa mwanachama yeyote atakutajia mambo mawili, mkono wake kwenye samaki na mdomo wake kwenye habari. Jambo likitokea Isebania alfajiri, kwa Bhoke linafika kabla ya mkate. Alipenda nyumba iliyojaa, alipenda watu wanaocheka na chakula mdomoni, na hakuwahi kukutana na kimya ambacho hakukivunja.

Lakini chini ya meza ya jikoni siku hiyo palikuwa na gunia, na ndani ya gunia alikuwa Mama Mkwe.

Hilo ndilo jina marehemu baba yake, Mzee Gisiri, alilompa pawa wake. Zamani alikuwa wa manjano, sasa rangi imebaki kwenye mikunjo tu. Baa yake, ule ulimi wa chuma ambao cheni huzunguka, ilikuwa na urefu wa futi tatu, na kikundi kizima hakikuwa na nyingine ya kuifikia. Gisiri alisema amemwita Mama Mkwe kwa sababu anafanya kazi ya watu wanne, lakini ukimsahau kidogo anachemka.

Sasa sheria ya kikundi ilisema hivi: pawa isiyonguruma mkononi mwa mwenyewe kwa mikutano mitatu inapewa mwanachama mwingine, isife kwa kutu. Mkutano wa kwanza baada ya Gisiri kuzikwa, gunia halikufunguliwa, watu wakaheshimu matanga. Mkutano wa pili, Okari alimwazima Mama Mkwe akakata naye gogo la mkaratusi, na kabla hajafika nusu moshi ulikuwa umetanda, cheni imekuwa ya buluu na baa imeungua ukingoni. Okari alisema pampu ya oili imekufa. Huu ulikuwa mkutano wa tatu.

Okari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Migori na pawa kumi na moja nyumbani, zimetundikwa sebuleni kama picha za ukoo, na alizipenda kwa dhati. Ni vile tu alikuwa ameshapigilia msumari wa kumi na mbili. Phanice wa Homa Bay, rafiki mkubwa wa Bhoke, aliuona msumari huo kwa macho yake alipoenda kununua rangi, na hakukaa nao moyoni hata nusu saa.

"Bhoke, msumari uko ukutani," alimpigia. "Hauna kitu. Unangoja."

Bhoke alicheka, akasema ni sawa. Hakumwambia Phanice kwamba mwaka mzima alikuwa akipasua nguzo za mikaratusi na Mama Mkwe huko Kehancha, kwa cheni mpya, na majirani wamelipwa mandazi wasiseme. Ilikuwa siri ya kwanza maishani mwake kuifunga, na ilimkereketa kama mwiba wa samaki ngege kooni.

Pale kwenye gogo, Mzee Zablon alizunguka mara mbili, akapima unene kwa fimbo, akatikisa kichwa. "Hii ni baa ya futi tatu tu inaweza. Mleteni Mama Mkwe."

Okari akaanza kuvaa glavu.

Bhoke akatoka jikoni akijifuta unga. Alikuwa amevaa gambuti na koti la kazi la baba yake, na Phanice, aliyekuwa akipiga picha, akashusha simu.

"Mwenyekiti," Bhoke alisema, "mashine ya kwetu itashikwa na mkono wa kwetu."

"Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na samaki?" Zablon akauliza.

"Samaki wako motoni. Wana akili kuliko cheni, hawahitaji kuangaliwa kila saa."

Wakacheka, lakini Zablon alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili, dalili kwamba anafikiria. Mvule wa namna ile hupati mara mbili. "Binti yangu, mwaka jana Bwana Okari mwenyewe alishindwa, na yeye ni mzoefu. Pampu imekufa."

"Pampu ni nzima."

"Basi tuamue kwa sheria," Zablon akasema. "Mvuto mara tatu, asipowaka anaenda kwa Okari. Akiwaka na ukatoka nje ya mstari, anaenda kwa Okari. Umekubali?"

"Nimekubali. Na nikimaliza?"

"Ukimaliza, jina lako linatoka kwa wapishi linaingia kwa wakataji."

Sammy alichovya kamba kwenye oili chafu iliyochanganywa na masizi, wakainyoosha juu ya gogo kutoka shina hadi ncha, akaiinua katikati na kuiachia. Ikaacha mstari mweusi ulionyooka. Akapiga wa pili kando yake, inchi nane. Katikati ya mistari hiyo ndiko mkuku ulikokuwa umelala, na kazi ilikuwa kuutoa bila kuujeruhi.

Bhoke alikanyaga mpini wa nyuma, akavuta kamba polepole. Kimya.

"Moja," Okari akasema.

"Moja gani?" Phanice akaruka. "Hiyo ni salamu. Utaingiaje kwa mama mkwe bila kubisha?"

"Ihesabiwe," Bhoke akasema. Akavuta ya pili kwa nguvu, na Mama Mkwe akakohoa, akatema moshi wa samawati, akaanza kunguruma kwa ile sauti nene ambayo pawa za siku hizi hazina. Wazee wawili walivua kofia.

Alipanda juu ya gogo, akaingiza ulimi kwenye mstari wa kwanza, na midomo yake ikaanza kwenda. Waliona wazi kwamba anaongea. Kelele ilimeza kila neno.

"Anaomba," Zablon alimwambia Sammy sikioni.

Hakuwa anaomba. Alikuwa anasimulia habari za Kehancha.

Pawa za leo hujipaka oili zenyewe. Mama Mkwe alitengenezwa kabla ya adabu hiyo. Karibu na mpini wake kuna kitufe, na mkataji lazima akibonyeze kwa kidole gumba kila baada ya muda mfupi, ndipo oili ifike kwenye cheni. Ukichelewa, anaungua. Okari alikijua kitufe hicho, wote walikijua, lakini kujua si kukumbuka. Mtu akishazama kwenye mstari gumba husahau. Mzee Gisiri hakusahau kwa sababu hakuwahi kunyamaza. Bhoke akiwa mdogo alikaa kwenye kisiki akimtazama babake akikata na kupiga soga peke yake, na kila sentensi ilipofika mwisho, gumba liliteremka. Sentensi, gumba. Sentensi, gumba. "Mashine hii haitaki mtu mnyamavu," alimwambia. "Itakufaa wewe."

Basi Bhoke akakata. Alisimulia arusi ya Nyamongo ambapo keki ilifika na bwana arusi hakufika, gumba. Alisimulia ng'ombe wa kanisa aliyeonekana sokoni Isebania akiwa na rangi nyingine, gumba. Sammy alifuata nyuma akipigilia kabari za mti ili mpasuko usiibane baa. Petroli ilipoisha, Bhoke alizima, akanyamaza kama mlango wa benki Jumapili, akajaza petroli na oili, akawasha tena na kuanzia pale alipoachia. Vumbi la mbao lilimwagika jeupe-manjano miguuni mwake. Hakuna moshi. Mstari wa kwanza ukaisha, ubavu wa gogo ukalala chini taratibu, na watu wakashangilia mapema.

Mstari wa pili ndio uliokuwa na kazi, kwa sababu kosa lolote sasa lingeingia kwenye mkuku wenyewe. Futi ya kumi na tano, habari za Kehancha zikaisha. Isebania zilikuwa zimeisha zamani. Midomo ikasimama, gumba nalo likasimama, macho yakabaki kwenye mstari, na ulipita muda kabla pua yake haijapata harufu ya chuma cha moto.

Okari aliuona uzi wa kwanza wa moshi. Akafunga macho kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma.

Bhoke akainua kichwa atafute chochote cha kusema, na hapo mbele yake, wamesimama kwa safu kama bidhaa sokoni, walikuwapo wanachama wote wa Pawa za Zamani. Alikuwa akitafuta maji naye amesimama ziwani.

Akaanza na Mwenyekiti. Alisema jinsi Mzee Zablon anavyopaka nywele rangi ya viatu kila mkutano, gumba. Akaja kwa Phanice na wachumba wake watatu, wawili wakiwa ndugu, gumba. Akaja kwa Sammy, fundi wa mashua asiyejua kuogelea, gumba. Moshi ukakatika. Alicheka huku akikata, na wale aliokuwa akiwasema nao wakamchekea bila kujua kwa nini, wakimpungia mikono. Futi ya kumi na nane. Futi ya ishirini. Cheni iliteleza kwenye mvule kama kisu kwenye papai.

Ubao ulipoachana na gogo, Bhoke alizima mashine. Mdomo ulikuwa haujapata habari.

"...na Okari alisahau kubonyeza, akamchoma," sauti yake ikapaa juu ya boma lote lililonyamaza, "halafu akaisingizia pampu masikini."

Kuku mmoja alipita. Okari alitazama viatu vyake.

Zablon aliinama, akaufuata mkuku kutoka mwanzo hadi mwisho, uso wake karibu uguse mti. Nusu ya mstari mweusi wa oili ilikuwa bado imebaki ukingoni, nyembamba, haijakatika popote, futi zote ishirini na mbili. Sammy alipitisha kiganja juu yake, kwenda na kurudi, kama anayempapasa ndama.

"Mimi nitalala," alisema.

Shangwe iliyopigwa pale ilisikika hadi ufuoni, waanika omena, wale dagaa wa ziwa, wakasimama kutazama. Phanice alimkumbatia Bhoke na vumbi lake lote. Okari akangoja watulie, akasogea, akavua glavu na kumpa.

"Ni kweli," alisema. "Nilisahau. Nikaona aibu."

"Nilijua, Bwana Okari. Mwaka mzima."

"Na hukumwambia mtu?"

"Nimewaambia wote sasa hivi," Bhoke akasema. "Bahati mbaya mmesikia mwisho tu."

Zablon akajikuna nywele. "Kwani mwanzo ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa naomba, Mwenyekiti. Sammy kaniambia ulisema hivyo mwenyewe."

Jina likaandikwa palepale kwenye kikundi, Bhoke Gisiri, mkataji, na picha ya mkuku chini yake. Kabla watu hawajamaliza kuitazama, mtu akauliza kama ni hivyo, leo nani anasonga ugali. Macho yote yakamwendea Okari, maana mkono wenye deni hujulikana. Hakubisha. Alikunja mikono ya shati, akashika mwiko, akauinamia unga kwa makini yote aliyokuwa nayo, bila neno.

Bhoke, ameketi kwenye kiti cha wakataji na Mama Mkwe akipoa miguuni pake, akavuta hewa puani.

"Ongea, Okari," akamwambia. "Unaungua."