Ng'ombe wa Koko Namunyak

Ng'ombe wote wa koko Namunyak waliisha kwa ukame, na mahali pekee walipobaki ni kwenye kompyuta yangu mimi, Brigita wa kijiji cha Qurus, Karatu, Mwiraqw ambaye mifugo yake ni kuku wachache wakaidi. Koko ni bibi kwa Kimaasai. Binti yake Nareyu ni mwalimu huko Ngorongoro, rafiki yangu tangu chuoni. Bibi huyo alinieleza kila ng'ombe, rangi yake, pembe na mwendo, akakubali nirekodi sauti yake akiwaita. Nikatengeneza mchezo wa kompyuta kwa Python, lugha ya kuandikia programu: mtoto anarudisha ng'ombe bomani kabla jua halijazama. Koko alitaka kitu kimoja tu, wajukuu zake, waliokuwa wadogo mno kukumbuka, wawaone ng'ombe wa nyumbani kwao.

Siku ya kufunga shule nikapanda Ngorongoro na flashi yangu. Kompyuta za shule hazina Python wala intaneti, kwa hiyo mchezo nilishaufungasha na vyote unavyohitaji, uwe faili moja la kubofya tu. Nikabofya, ukagoma. Kompyuta yangu inatumia mfumo wa Linux, za shule ni Windows, na kilichofungashwa kwa Linux hakifunguki kwenye Windows. Nusura nilie. Koko alishakaa mstari wa mbele na wajukuu, kavaa shuka jipya.

Nareyu hakunilaumu. Alichukua laptopu yake, ambayo ni ya Windows, tukapanda kilimani kutafuta mtandao. Akamaliza bando lake lote kupakua Python na programu ya kufungashia, upepo ukitutandika, nami nikafungasha upya palepale. Mungu ambariki, maana mpaka leo sijamshukuru vya kutosha.

Tukarudi, nikabofya. Ng'ombe wakatokea, sauti ya koko ikaita, watoto wakacheka. Ndipo nikaona kona ya juu ni tupu. Kwa haraka zangu nilikuwa nimeacha nje folda ya picha za tarakimu, zile za kuonyesha ng'ombe wangapi wameshaingia bomani. Mchezo niliuandika uendelee hata picha ikikosekana, nao uliendelea bila haya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Koko hakuitazama kona. Alimtazama kila ng'ombe akiingia, akimtaja kwa rangi yake, wajukuu wakirudia. Wa mwisho alipopita langoni, akashusha pumzi.

"Wote wamefika," akasema. "Asante, binti yangu. Niliogopa utawahesabu. Sisi hatuhesabu ng'ombe, tunawajua. Ukiwahesabu unawaitia balaa."

Nilimshika mikono yote miwili.

Niliporudi Qurus nilizifuta tarakimu kabisa. Nikafungasha upya nakala ya Linux kwenye mashine yangu, na ya Mac kwenye kompyuta ya Fabian, mwongoza watalii wa Karatu. Wachezaji huniuliza watajuaje kama wameacha ng'ombe nyuma. Nawaambia wacheze mpaka wawajue.