Akidi ya Mguu Mmoja

Wenzake walikuwa wamekwisha fika mlangoni, wanatoka mmoja mmoja na nyuso za msiba, na yeye bado ameinama chini ya meza, anapapasa zulia akitafuta kiatu.

Cha kulia alikuwa nacho mguuni. Cha kushoto kilikuwa kimepotea. Alivivua vyote asubuhi, wakati wa maswali, kwa sababu miguu yake huvimba akikaa sana, na mbunge wa upinzani kazi yake kubwa ni kukaa na kusubiri kuitwa. Ishara ya kutoka ilipotolewa, Mwalimu, jirani yake wa upande wa mlango, aliinuka kwa pupa na kukipiga teke bila kujua. Kiatu kikateleza chini ya viti hadi kusikojulikana.

"Twende, bwana," Mwalimu alimnong'oneza akipita.

"Nakuja. Tangulia."

Mpango wa kutoka ulikuwa wake mwenyewe. Ndiyo maana mambo haya yanauma kuyasimulia. Ilikuwa siku ya mwisho ya kikao, na mbele ya Bunge kulikuwa na muswada wa kuutoa mlima mmoja wa jimboni kwake, pamoja na nyumba zote za chini yake, ziwe machimbo ya kokoto. Dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa, alikaa katika nyumba ya tatu kutoka kisimani. Mbunge alikuwa amepiga hesabu. Wabunge ni mia mbili, na kura haipigwi bila akidi, yaani nusu yao kuwamo ukumbini. Upande wa serikali, ukiondoa wagonjwa na walio safarini, siku hiyo ulikuwa na watu tisini na tisa.

"Tukitoka sote wanabaki pungufu kwa mmoja," aliwaambia wenzake kantini, chai ikipoa mbele yake. "Kikao kinafungwa, muswada unalala. Ukija kuamka, uchaguzi umepita."

Kiongozi wa kambi akampiga begani. "Soksi, wewe una kichwa."

Soksi ndilo jina walilompa baada ya hotuba yake moja ya bajeti. Alisimama akasema serikali hii ni soksi iliyotoboka ndani ya kiatu kinachong'aa: watu wanasifu kiatu, kidole kinalia gizani. Ukumbi ulivunjika mbavu. Mpaka kinyozi wake alikuwa akimkaribisha kwa maneno hayo.

Sasa, pale chini ya meza, aliutazama mguu wake wa kushoto. Soksi ilikuwa imetoboka, na kidole gumba kimetokeza chote, na kucha yake.

Nje ya mlango kulikuwa na kamera. Alizisikia zikilia. Akauona mguu wake kesho gazetini, ukurasa wa kwanza, na hotuba yake imeandikwa chini. Akajiambia, kiatu hakiwezi kwenda mbali, ngoja kidogo. Akasogeza mguu nyuma ya ule wenye kiatu. Akangoja.

Karani wa Bunge alishuka kuhesabu, mzee mmoja mwembamba anayehesabu kwa kalamu, akigusa hewa juu ya kila kichwa. Alipofika tisini na tisa alisimama. Upande wote wa upinzani ulikuwa viti vitupu na mtu mmoja. Karani akamtazama. Alimtazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa kazini, kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite.

Juu, kwenye viti vya wageni, dada yake alikuwa amesimama. Wageni hawaruhusiwi kusema neno, basi alisema kwa mkono: toka. Mkono ukaenda na kurudi. Toka.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema habari za kidole gumba cha mguu.

"Mia moja," karani alisema. "Akidi imetimia, Mheshimiwa Spika."

Spika akawahoji. Ndiyo ilisikika kama gari linalomwaga mawe. Alipoita wasioafiki, mbunge alitoa "Siyo" kwa nguvu zake zote, mpaka koo likamkwaruza, akiwa amekaa.

"Siyo moja," Spika alisema, na ukumbi ukacheka kwa adabu. "Walioafiki wameshinda."

Ndipo tarishi wa ukumbini akaja na kiatu, amekishika kwa vidole viwili.

"Mheshimiwa, hiki si chako? Kilikuwa kule kwa mawaziri."

Alikivaa. Nje waandishi walimzonga, wakitaka kujua kwa nini amewaasi wenzake. Akajikuta anazungumza vizuri. Alisema kukimbia si dawa, alisema dhamiri yake ilimtaka abaki ili sauti ya wananchi iandikwe katika kumbukumbu za Bunge. Mwandishi mmoja aliandika huku akiitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kiongozi wa kambi, aliyekuwa amesimama kando, alisubiri wamalize akasogea.

"Walikupa nini?"

"Hawakunipa kitu, mkubwa."

"Basi ni vibaya zaidi," akasema, akaenda zake.

Dada yake alikuwa kwenye benchi la korido, mkoba mapajani.

"Nimeyasikia ya dhamiri," alisema. "Sasa niambie mimi. Na usinidanganye, nimekuogesha."

Akamwambia. Alianza na miguu kuvimba, akapita kwa Mwalimu, akafika kwenye soksi. Kadiri alivyoeleza, sauti ilizidi kupungua, na lilipofika neno kidole halikusikika.

"Kidole?" dada aliuliza.

"Kidole, dada."

Dada alifungua na kufunga zipu ya mkoba.

"Mficha uchi hazai," alisema. "Ungetoka pekupeku. Sisi kule tunakwenda hivyo hivyo kisimani, nani amewahi kutucheka?"

Mbunge alikitazama kiatu chake.

"Lakini hiyo Siyo yako niliisikia mpaka juu. Ulipiga kelele vizuri."

Alisema kwa upole kabisa, kama anavyosifiwa mtoto aliyeimba vibaya. Angemzaba kofi, mbunge angeshukuru.

Machimbo yalifunguliwa mwaka uliofuata. Nyumba arobaini na moja zilibomolewa, ya dada ikiwa ya tatu. Yeye alihamia kwa binti yake na anaishi chumba cha nyuma, kisima kilifukiwa. Kiongozi wa kambi alihamia chama tawala na kupewa ubalozi. Mwalimu alirudi kufundisha, na hakuambiwa kamwe habari za teke lake. Karani alistaafu. Mbunge alishindwa uchaguzi kwa kura nyingi. Sasa ana duka la vifaa vya shule karibu na kituo cha mabasi, na wapita njia wanamwita Akidi. Anaitika. Dada humtembelea kila mwisho wa mwezi, wanazungumza habari za wajukuu. Katika kumbukumbu za Bunge, ukurasa wa siku ile, imeandikwa kwamba alikuwamo.