Yowe la Mama Vumilia

Mimi ndiye niliyepiga yowe. Nasema mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu pale mtaani kwetu Kalangalala kila mtu sasa ana habari yake na wengi wao hawakuwepo. Wengine wanasema alikuwa mwizi wa pikipiki. Wengine wanasema alitumwa kuja kunimaliza. Uongo mtupu! Kijana wa watu alikuja na barua, akakaa kwenye benchi langu, na mimi Zipora, kwa hasira zangu hizi nilizozaliwa nazo, nikamwitia watu wamuue.

Kilabu changu hukioni ukiwa barabara kubwa. Unaingia uchochoro wa nyuma ya soko, unapita duka la majembe na sululu, unampita Violeth anayekaanga sangara, halafu unainama, maana bati la mlangoni limeshuka na warefu linawagonga kwenye paji la uso. Ndani kuna mabenchi manne na pipa la komoni, pombe ninayopika mwenyewe. Wachimbaji wakitoka kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu, na vumbi mpaka kwenye kope, kwangu ndiyo wanaanzia. Fimbo, panga, sululu, vyote vinabaki nyuma ya mlango. Hilo sijadiliani na mtu. Aliyewahi kujaribu nilimtoa nje kwa mwiko wa kukorogea pombe, na mpaka leo akiniona ananisalimia vizuri.

Sharti la pili ni la kata. Mgeni akija mara ya kwanza simmiminii tu kwenye kopo kama mbuzi. Nachota kwa kata, napiga goti, naonja mbele yake, kisha nampa kwa mikono miwili anywe palepale nilipoweka mdomo. Mama yangu alifanya hivyo na bibi yangu alifanya hivyo. Maana yake sina sumu, sina kinyongo, karibu. Mtu akiikataa kata baada ya mimi kuonja, ameniita mchawi mbele za watu.

Na neno hilo kwetu si la mchezo. Tazameni macho yangu. Mekundu, na kwetu mwanamke mwenye macho mekundu huambiwa ni mchawi. Miaka thelathini ya moshi wa kuni za kupikia pombe, yatakosaje kuwa mekundu? Mama yangu alikuwa nayo hivi hivi. Kuna mtu alikataa chakula chake msibani, akaisukuma sahani mbele za watu, basi, hakusema lolote. Wiki ya pili wakaja watu watatu na mapanga. Nilimkuta mlangoni kwake, mkono wa kulia umeshikwa na ngozi tu, shingo imefunguka, nzi wameshafika. Nilikuwa na mimba ya Vumilia ya miezi saba. Nilimwosha mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto wa jirani alipokufa kwa homa mwezi ule, na wanawake wakaanza kunyamaza nikifika bombani, nilijua. Nilikuwa nalala na panga chini ya godoro. Mchana nacheka na wateja, ndani roho iko juu juu.

Furaha yangu ilikuwa moja tu, Vumilia. Mwanangu anashona nguo Masumbwe. Wiki ile alinipigia simu, sauti ya aibu aibu, akasema, "Mama, kuna mtu. Anaitwa Abel. Mzee wao ataleta barua ya posa Jumamosi kwa baba mdogo." Baba mdogo ndiye Sostenes, mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye mwenye kupokea posa ya mtoto wetu. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni. Nikanunua kitenge kipya, nikakiweka sandukuni kusubiri Jumamosi.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua kali. Aliingia kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, bati likamgonga kidogo. Wateja wakamcheka. Akasalimia, "Shikamooni," akakaa karibu na Ndaki, mchimbaji mzee ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akamwuliza kwa sauti ya chini kama mzee Sostenes hufika hapo.

"Anafika," Ndaki akamwambia. "Wewe kaa, hawezi kukosa."

Mimi nikachota. Nikapiga goti mbele yake, nikaonja, nikafuta mdomo, nikanyoosha kata kwa mikono miwili. Ndaki akapaza sauti: "Mama Vumilia, mpe huyo, ana kiu ya safari!"

Yule kijana akasimama kama amekalia kaa la moto. Akageukia ukuta. Akaufunika uso kwa mkono, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota kwenye pipa.

"Pokea, baba," nikamwambia.

"Hapana, mama. Naomba unisamehe. Siwezi."

"Huwezi nini? Nimeonja, umeona."

Alikuwa amefumba macho kabisa, jasho linamtoka, anapapasa njia ya kutokea. Ndaki akaangua kicheko. "Kaona macho! Mayu, mama yetu, kaogopa macho yako huyo!"

Walicheka wote, ndiyo tabia ya kilabu. Lakini kijana mmoja wa benchi la mwisho hakucheka. Alilitazama kopo lake, akanitazama mimi, kisha akamwaga komoni yangu chini, taratibu. Aliyekaa naye akamwaga. Wa tatu akaweka lake sakafuni, akalisogeza mbali kwa mguu.

Jamani, niliuona mkono wa mama yangu. Haki ya Mungu niliuona, umening'inia pale kwenye mlango. Nikajua hao watatu ndio watakaokuja usiku, na huyu mwenye shati jeupe ndiye aliyewafungulia.

Nilimpiga na kata sikioni ikapasuka vipande. Nikaokota mwiko. Nikampiga begani, mgongoni, kichwani. Mwiko wangu ni wa mninga, unakoroga pipa zima, si wa kuchezea. Kichwa kikafunguka, damu ikashuka kwenye lile shati. Na yeye hakuinua hata mkono kujikinga! Mikono yote miwili iko usoni, ananificha uso wake, na hilo ndilo lililonitia wazimu.

"Nitazame!" nikamfokea. "Nitazame uniite mchawi vizuri, mbwa wewe!"

Akakimbilia mlangoni. Akasahau kuinama. Bati likampasua paji la uso akaanguka uchochoroni, na mimi nyuma yake nikaweka kiganja mdomoni nikapiga yowe.

Sisi Wasukuma tunauita mwano. Ukiusikia unatoka na chochote ulicho nacho mkononi. Usipotoka, siku ukiupiga wewe hakuna atakayekuja. Huulizi kwanza. Mjini wengi wameshausahau, lakini uchochoro wetu ni wa watu wa vijijini waliofuata dhahabu, na hakuna aliyesahau. Kufumba na kufumbua wakajaa. Wa sululu, wa mapanga, muuza mkaa na gongo lake. Wateja wangu wenyewe wakazichukua fimbo zao nyuma ya mlango.

"Nani?" wakauliza.

"Huyo!" Nikanyoosha kidole.

Walimpiga. Sitaki mtu anipunguzie, walimpiga kweli. Fimbo zilikuwa zinagongana hewani kwa wingi wake. Muuza mkaa alimkanyaga vidole. Mwingine alinyanyua tofali akalishusha kwenye goti, nikasikia goti likiitika. Alijikunja kama mtoto, analia, "Nimekosa nini? Jamani, nimekosa nini?" na mimi nimesimama na mwiko, napumua kwa nguvu. Niseme ukweli? Nilisikia raha. Kwa mara ya kwanza tangu mtoto wa jirani afe, niliona wanaopigwa wanaweza kuwa wengine.

Hapo akatokea Sostenes, mbio, fimbo yake ya ng'ombe mkononi. Alikuwa njiani anakuja kunywa, akasikia sauti ya shemeji yake ikipiga mwano. Hakuuliza. Na kwa nini aulize? Alipenya katikati ya watu, akaishusha ile fimbo kwa mikono miwili kwenye uso. Kijana alipiga ukelele mmoja ambao mpaka leo nausikia nikikoroga pombe, na jicho la kushoto likawa si jicho tena.

Shati lilikuwa limechanika. Bahasha ya kaki, imefungwa kwenye nailoni isilowe jasho, ikaanguka kwenye tope la damu. Ndaki akaiokota. Ndaki huyuhuyu mwenye mdomo. Akaifungua akidhani amepata ushahidi wa aliyemtuma, akasoma kwa sauti, neno moja moja:

"Kwa mheshimiwa mzee Sostenes. Mimi Abel wa Masumbwe naomba kwa heshima kumwoa binti yenu Vumilia..."

Akaishusha barua. Akaniangalia.

Kwetu mkwe hali wala hanywi mbele ya mama mkwe. Hamtazami usoni. Akimwona njiani anaiacha njia. Vijana wa mjini wanacheka mambo hayo, wanakaa meza moja na wakwe zao wanakunywa soda. Huyu alilelewa na bibi yake kijijini. Alisikia "Mama Vumilia", akamwona mama mkwe wake amempigia goti na pombe mkononi, akafanya alichofundishwa. Alikuwa ananiheshimu. Tangu pipani mpaka uchochoroni, chini ya mwiko wangu, alikuwa ananiheshimu.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Acheni, ni mwanangu! Mkwe wangu!"

Nani asikie? Sauti iliyowaita walisikia wote, hii hakuna aliyeisikia. Nikajitupa juu yake. Gongo la mkaa likanipata mbavuni, sululu ikanivunja kidole hiki, mnakiona kilivyo. Nikamkumbatia kichwa. Na yeye pale chini, akiwa amejaa damu kinywani, akajua ni nani aliyemlalia. Akaanza kujivuta atoke chini yangu.

"Mama, toka," akasema. "Si vizuri, mama. Toka."

Sostenes ndiye aliyewatawanya. Aliwapiga watu wake mwenyewe kwa fimbo ileile huku analia kwa sauti, mzee mzima. Kisha akaivunja gotini na kwenda polisi kwa miguu yake. Mimi pia nilikwenda, nikaeleza kila kitu. Wakaandika, wakanipa tarehe ya kurudi.

Vumilia alifika jioni ile. Alinikuta kwenye korido ya hospitali, damu ya mtu wake imenikaukia kifuani. Akaniambia mzee wao aliugua ghafla, Abel akaona kungoja ni kuchelewa, akaileta mwenyewe. "Nilimwambia baba mdogo hakosekani kwenye kilabu cha nyuma ya soko," akasema. "Sikumwambia kilabu ni chako. Nilimwambia mama yangu anauza vitenge." Akaiangalia ile damu kifuani kwangu. "Niliona aibu, mama." Toka hapo akaacha kuzungumza na mimi.

Jicho la kushoto walilitoa. La kulia limefungwa bandeji, daktari anasema tusubiri. Taya limeshonwa, anakunywa uji tu. Mchana Vumilia akienda kutafuta dawa, mimi huingia wodini na kikombe. Siku ya kwanza aliuliza, "Nani?" Sauti yangu aliyoikumbuka ilikuwa ya kufoka, hii ya chini hakuijua. Nikasema, "Nesi." Akafungua kinywa. Nikamwinua kichwa kwa mkono huu wenye kidole kibovu, nikaonja uji kwanza kama umepoa, nikamnywesha. Akanywa wote. Akasema asante, nesi, una mkono mwepesi.

Siku nane nilikuwa nesi. Nilitaka Mungu aniache hivyo hivyo.

Jana Vumilia alirudi mapema. Alisimama mlangoni na mfuko wa dawa, akaniona nimekaa kitandani, kikombe mdomoni mwa mchumba wake. Likamtoka bila kukusudia, neno la kwanza tangu siku ile: "Mama."

Abel aliacha kumeza. Uji ukamchuruzika kidevuni. Akanyanyua mkono wenye plasta, polepole, akafunika bandeji za macho yake, kisha akageuza uso ukutani.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilikuwa na kikombe mkononi, kimebaki nusu. Mbele yangu asingeumaliza. Nilimpa Vumilia kikombe, nikatoka nje.