Bunduki ya Bahati Nasibu ya Zimamoto

Wendell aliuawa kwa risasi mbele ya duka la chakula cha mifugo, bado kakumbatia mfuko wa chakula cha ndege. Aliyempiga ni Trent, jirani yetu, kwa ugomvi wa mbwa tu, na bunduki yenyewe aliishinda kwetu, katika bahati nasibu ya zimamoto. Kila mwaka kabla ya msimu wa kuwinda kulungu tunakaanga kabichi na tambi, tunauza tiketi, na zawadi kubwa ni bunduki. Ndivyo sisi wazimamoto wa kujitolea tunavyopata pesa za kutunza gari letu la zimamoto. Kabla ya kukabidhiwa, Trent alichunguzwa kama sheria inavyotaka, akapita safi.

Basi Jumanne tukakutana kituo cha zimamoto kuamua kama mwaka huu tuchezeshe bunduki tena. Nilichemsha kahawa, nikakata keki ya boga yenye sukari nyeupe juu. Roho haikutulia, maana Ardith, mjane wa Wendell, ni wifi yangu, tumbo moja na mume wangu Delmar. Na Delmar namjua. Bango lake la "Bunduki yangu siitoi" limesimama uani tangu binti yetu mkubwa hajaolewa. Nikajua leo hawa ndugu watagombana: kaka ataitetea bunduki, dada ataikataa.

Mwenyekiti Stanko akauliza, "Haya, nani anataka tuiondoe?"

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Delmar.

Kisu cha keki kikaniponyoka.

"Delmar, umelewa?" Bud, mwenzetu mmoja, akamtania. "Au mama watoto kakufichia miwani?"

"Mimi ndiye niliyemkabidhi Trent, Bud. Nikampigapiga bega, nikamwambia, kijana, mwaka huu usikose shabaha."

Kicheko kikakatika. Mikono ikaanza kupanda, mmoja mmoja, ya watu ambao mwaka jana tu ungetaja sheria ya bunduki wangekufungulia mbwa.

Ardith akasimama. "Shusheni mikono."

"Dada, ni kwa ajili yako," Delmar akasema.

"Nani kakutuma? Wendell kauza tiketi hizi maisha yake yote. Bunduki alininunulia kabla hata ya pete! Sasa nalala peke yangu, nyumba ya mwisho wa barabara, na hiyo bunduki ndiyo inayonipa usingizi. Leo kaka yangu ananiambia ni uchafu?"

"Sijasema uchafu."

"Mkono wako umesema."

Kumbe wote wawili sikuwajua.

Stanko akahesabu waliotaka iondoke na waliotaka ibaki, akarudia. Kura zimelingana. Akanigeukia. "Mama, wewe hujanyoosha popote."

"Mimi ni wa kahawa."

"Wa kahawa ni mwanachama. Amua."

"Wifi," Ardith akasema taratibu, "usinifanyie hivi."

Huyu ndiye aliyelala sakafuni hospitalini nilipojifungua vibaya. Nikamtazama Delmar. Alikuwa anakunja sahani ya karatasi, anaikunjua. Nikamwona Wendell na mfuko wake, punje zimetapakaa lami yote. Nikanyoosha mkono, vidole vina sukari ya keki.

"Imeondolewa," Stanko akasema, kama mtu anayetangaza msiba.

Ardith hakunitukana. Angetukana ningejua pa kushika. Alivaa koti, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Delmar akainuka kumfuata.

"Kaa na mkeo," Ardith akamwambia, akatoka.

Tukasikia gari lake likiwaka. Likakaa hapo nje likinguruma, taa zinatumulika dirishani, haliondoki. Na sisi, ukumbi mzima, hakuna aliyethubutu kwenda mlangoni.