Bado Hajala

Fanueli alishuka Mombo kumpokea binti wa kaka yake akiwa na agizo moja la ukoo: asimwambie lolote mpaka ale. Kornelio, baba wa binti huyo, alikuwa amefariki juzi. Jeneza lilikuwa sebuleni kwake Vuga, likimngoja mtoto ambaye marehemu hakuwahi kumwona, na maziko yalipangwa saa nane mchana. Lakini katika ukoo ule mtu haambiwi msiba njiani, wala akiwa na njaa. Shangazi yao mmoja aliwahi kuambiwa hivyo, akaanguka na hakuamka tena, na tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Binti huyo, Loyce, alizaliwa baada ya mama yake kuachana na Kornelio huko kwenye mashamba ya chai, akakulia Dodoma. Uzeeni Kornelio alimtafuta hadi akampata, na mwaka mzima walizungumza kwa simu ya kitochi isiyoweza kutuma hata picha. Mzee alipenda kumtania. Dodoma, alisema, ni mji mkuu wa juzi tu. Aje kwenye tamasha la utamaduni la kila mwaka aone Vuga, mji mkuu wa wafalme wa Usambara, na atamtembeza mwenyewe.

Basi Loyce akashuka na begi lake, akasema shikamoo, akauliza baba yuko wapi, mbona hapokei simu. Fanueli, mzee wa kanisa asiyejua kudanganya, alijibu kwamba amebanwa kidogo. Haraka haraka akamvuta kwenye mgahawa na kuagiza chai na chapati.

"Nisamehe, baba mdogo," Loyce alisema. "Tumeahidiana na baba. Nikifika, chakula cha kwanza nitakula naye, sahani moja."

Fanueli aliinywa ile chai peke yake, na haikuwa na ladha yoyote.

Kumpeleka nyumbani moja kwa moja hakuweza, maana turubai la msiba lilionekana tangu barabarani. Akampeleka tamashani. Alijidanganya kwamba harufu ya makande na viazi vya kukaanga itamlegeza, kwani nani amepanda milima ile asione njaa? Loyce hakulegea. Aliingia katikati ya ngoma ya mdumange akacheza na akina mama mpaka wakampigia vigelegele. Alisimama ukingoni, mahali walipokaa Wakilindi, wale wafalme wa kale, akaitazama Mombo kule chini aliyoiacha asubuhi. Kisha akamnunulia baba yake kofia, akamvika Fanueli kwanza, kwa sababu vichwa vya ndugu, alisema, havipishani sana. Fanueli alisimama na kofia ya marehemu kichwani, machozi yakamtoka, akasingizia moshi wa majiko.

Simu iliita kila mara. Alikuwa Dorkasi, dada yao, akiuliza kama tayari.

"Bado hajala," Fanueli alinong'ona.

Loyce alisikia akacheka. Alisema mgeni njoo mwenyeji apone anaijua, lakini wenyeji wa Vuga wamezidi. Fanueli akamsihi ale hata kiazi kimoja. Alimsihi kama mtu anayeomba uhai wake, na binti akamshika mkono, akamwambia avumilie, baba atakuja.

Saa nane ikapita. Wingu lilipanda kutoka bondeni, na Dorkasi akapiga tena. Mchungaji ana mazishi mengine Gare, mvua inakuja, wazee wamesema mwili usilale siku nyingine. Fanueli akazima simu. Mila ni mama, ndivyo alivyofundishwa, na maisha yake yote hakuwahi kumjibu mama huyo.

Akamwambia. Alimwambia pale pale, kati ya ngoma na majiko, huku amenyoosha mikono yote miwili tayari kumdaka.

Loyce hakuanguka. Aliuliza njia, akaanza kukimbia.

Walipofika, mvua imeanza, na wanawake walikuwa wakichomeka maua kwenye udongo mbichi. Nyimbo zikakatika. Loyce alisimama mbele ya kaburi akihema, viatu vimejaa tope, na watu wakampisha kwa huruma.

"Fukueni," alisema. "Nimwone uso tu. Sitachelewa."

Dorkasi alianza kulia upya, na mzee mmoja akaagiza mgeni aletewe chakula. Hapo Fanueli akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuuchota ule udongo kwa mikono yake, na wazee wakaja wakamshika mabega, wakimwambia kwa upole kwamba asijilaumu, alifanya kama inavyotakiwa.