Vidonge vya Jentrix

Mkaguzi wa bei alivimwaga vidonge mezani, ofisini mwake. Kimoja kikadunda, kikaanguka. Nasimiyu akainama upesi, akakiokota, akakipuliza vumbi na kukirudisha mbele ya bwana huyo aliyemkamata barabarani. Mgongoni mwake Jentrix alilala ndani ya leso. Tangu jana asubuhi mtoto hakuwa amemeza dawa yake ya kifafa.

"Mama, hivi umetoa wapi?"

"Nimenunua, boss."

"Risiti?"

Risiti! Tangu serikali ipange bei ya dawa, mwaka huo wa sabini na sita, vidonge vilihama rafuni. Vingine vilivuka kwenda Uganda, vingine viliuzwa uani huko mtaani Burumba kwa bei mara tatu, vimefungwa kwa gazeti. Muuzaji wa uani haandiki kitu.

"Sikulaumu," mkaguzi akasema kwa upole. "Sheria ni ya kukulinda wewe. Nitajie jina tu, chukua dawa yako, enda nyumbani."

Upole ule ulimtisha kuliko kelele. Akimtaja, nani atamuuzia mwezi ujao? Asipomtaja, na leo je? Mguu wa Jentrix ukashtuka ubavuni mwake, mara moja, ukatulia.

"Ni Paulinus. Mwenye duka la pale kona. Aliniuzia uani kwake."

Mkaguzi akacheka mpaka akakohoa. Akageukia mlango wa nyuma.

"Paulinus! Kuja usikie vile unasifiwa!"

Paulinus akatokea na kikombe cha chai mkononi, viatu amevua, kama mtu aliye kwake. Akamtazama Nasimiyu kutoka kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu.

"Mayi, mama yangu, mimi nakujua wapi?"

Mkaguzi akavikusanya vidonge ndani ya bahasha, akailamba, akaifunga.

"Hii sasa ni ushahidi."

"Boss, si ulisema—"

"Nilisema nini? Ama unataka nikuandike na wewe?"

Akampa Paulinus bahasha. "Niwekee."

Hapo Nasimiyu akahisi mwili mdogo ukikakamaa mgongoni. Vidole vilikataa kufungua fundo la leso. Akalivuta kwa meno. Akamlaza Jentrix sakafuni kwa ubavu, karibu na mlango wa mbele, akashika kichwa kisigonge saruji. Povu likaanza kutoka.

"Dawa, boss. Kimoja tu. Kimoja!"

Mkaguzi aliinua miguu yake, akaiweka kando.

"Mama, msogeze kidogo," akasema. "Watu wako nje wanangoja kuingia, na huo mlango unafungukia ndani."